Corolla ya 1994 inamisi (silinda inakosa kuwaka) ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) tu. Plagi mpya, waya mpya, bado ina kwikwi

Mwalimu_Kibada

Wakuu, salamu kwenu.

Nina Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE, gia za mkono. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehamia Dodoma. Kazi yake kubwa ni kunitoa Kibada asubuhi hadi pantoni, kuvuka, na kunirudisha jioni.

Shida iko hivi. Asubuhi ikiwa ya baridi inawaka vizuri na haina neno. Ikishapata moto, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya pantoni, inaanza. Inanguruma vizuri, ghafla bodi zima linashtuka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unadondoka kidogo na kurudi. Inatulia. Halafu inashtuka mara mbili mfululizo. Inatulia tena muda mrefu mpaka naanza kusahau, kisha inarudi. Haina mpangilio wowote, na mimi nafundisha hisabati, nimejaribu kuutafuta. Mwanangu anasema gari ina kwikwi, na sijapata neno zuri zaidi ya hilo.

Nilichokiona mwenyewe:

Nikikanyaga mafuta kidogo tu, mshale ukifika kama 1,500, kwikwi inaisha kabisa. Barabarani inavuta vizuri. Tumepanda lile Daraja la Kigamboni tumejaa watu wazima watano na magunia ya harusi nyuma, haikukohoa.

Nikiwasha AC, kwikwi inapungua. Nilitegemea iongezeke kwa sababu injini imeongezewa mzigo, lakini inapungua. Nimerudia kuwasha na kuzima mpaka nimeamini.

Taa ya check engine haiwaki. Ukifungua switchi inawaka, injini ikiwaka inazima, kama kawaida.

Haichemshi. Oili haipungui kwa namna ya kuonekana. Petroli naona inakula kuliko zamani.

Fundi wa hapa mtaani amebadilisha plagi zote nne, hakuna badiliko. Akabadilisha waya za plagi, hakuna. Akabadilisha kifuniko cha distributa (kigawa umeme wa plagi) na rota yake, hakuna. Sasa ananiambia ni distributa nzima, na hapo ndipo niliposema ngoja kwanza. Kabla ya hayo yote, baada ya masika, ilipita gereji moja mjini kwa sevisi kubwa: oili, filta zote, kuosha nozeli (vipulizia petroli), kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini). Siwezi kuapa kama kwikwi ilianza baada ya pale au ilikuwepo na sikuisikia, maana wakati wa mvua vioo vinafungwa na redio inawaka.

Naomba mnielekeze nianzie wapi. Hela ya kununua kitu kwa kubahatisha imeisha.

---

ToyoTegeta

Mwalimu, fundi wako yuko sahihi, hiyo ni distributa. Koili (inayozalisha umeme wa cheche) ya hizo gari imo ndani ya distributa, ikipata joto inachoka. Nenda Shaurimoyo chukua ya mtumba kutoka Japani, funga, sahau. Ukiwa pale chukua na plagi za iridiamu, hizo za kawaida siku hizi feki nyingi.

---

Chuma_Mabibo

Shikamoo mwalimu. Kabla hujanunua distributa, soma kwanza kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi). Hazihitaji kompyuta ya fundi. Gari yako ni ya kabla ya mfumo wa OBD2 (wa kompyuta ya gari kujichunguza), ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani haipo, kwa hiyo hata ukinunua kile kidude cha kuunganisha na simu hakina pa kuchomeka.

Fungua boneti, tafuta kiboksi chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hayo mawili tu. Usiguse lililoandikwa +B, hilo lina umeme wa betri. Kisha fungua switchi bila kuwasha injini na uangalie taa ya check engine. Ikipepesa haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kodi. Kama kuna kodi, itapepesa tarakimu ya kwanza, itapumzika, itapepesa ya pili. Kwa mfano 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni vakyumu sensa, 41 ni sensa ya throto, 14 ni ishara ya moto (cheche za plagi) kutoka kwa igniteri, kifaa kinachoamrisha koili.

Ila jua kitu kimoja: kompyuta ya zama hizo haihesabu misi. Kazi ya kuhesabu misi silinda kwa silinda imekuja na OBD2, ambayo Marekani ililazimishwa kwa magari ya kuanzia 1996. Kwa hiyo taa kutowaka hakumaanishi injini haina ugonjwa. Kunamaanisha sensa haijakatika waya, basi.

Kama una maltimita, pima na waya za plagi za zamani kabla hujazitupa. Toyota wanataka kila waya usizidi kiloohm 25. Nakuhakikishia zilikuwa nzima.

---

Mzee_Gerezani

ToyoTegeta, mwache mwalimu na hela yake.

Mwalimu, salamu. Umeandika mambo mawili ambayo wateja wangu hawayasemi mpaka niwabane, nayo ndiyo yananifanya nisiitazame hiyo distributa hata kidogo. La kwanza, inaisha ukikanyaga. La pili, AC inaipunguza.

Cheche ya plagi inapata kazi ngumu pale silinda ikiwa imejaa hewa, yaani umekanyaga, umebeba, unapanda. Hewa ikibanwa sana, umeme unahitaji nguvu kubwa kuruka ule mwanya wa plagi. Koili iliyochoka, waya unaovuja, kifuniko chenye ufa, vyote hivyo vitakuaibisha mlimani kabla ya kukusumbua kwenye foleni. Wewe umepanda daraja na magunia ya harusi. Sisemi moto hauwezi kumisi sailensi. Plagi iliyolowa oili inaweza, na hizi 5A zina tabia ya kuvujisha oili kwenye visima vya plagi kupitia raba za kifuniko cha vali. Fundi wako kabadilisha plagi, muulize kama aliona oili humo. Lakini ukinipa hela niweke dau, siweki kwenye moto.

Sasa geuza. Sailensi throto imefungwa, injini inapumua kidogo sana, na vakyumu (mfyonzo wa hewa) ndani ya manifoldi ya inteki (bomba linalogawa hewa kwa silinda) iko juu. Kama kuna mahali panavuta hewa, hata uwazi mdogo usioupitisha wembe, hewa hiyo ya pembeni ni sehemu kubwa ya kile kidogo ambacho silinda inapumua. Ukikanyaga, hewa ya halali inakuja nyingi, vakyumu inashuka, ile ya pembeni inabaki tone kwenye ndoo. Ndiyo 1,500 yako hiyo. Na AC? Ukiiwasha, kompyuta inafungulia injini hewa zaidi ili kompresa isiizimishe. Hewa zaidi, vakyumu chini, hewa ya pembeni inapungua umuhimu. Ingekuwa moto dhaifu, ule mzigo wa kompresa ungezidisha kwikwi.

Mtu ataniuliza, mbona RPM haipandi? Maana kila fundi anajua ukivua bomba la vakyumu kwenye Corolla hizi, injini inapanda mbio, haimisi. Kweli kabisa. AE100 haina kipimo cha hewa kwenye bomba la filta, ina vakyumu sensa inayosoma mgandamizo wa manifoldi. Hewa ikiingia mahali panapogawa silinda zote, sensa inaiona, kompyuta inaongeza petroli, RPM juu. Lakini hewa ikiingia mlangoni mwa silinda moja, karibu na vali yake, sensa inaona kidogo tu. Kompyuta inaongeza petroli kidogo kwa zote nne. Yenye uwazi inabaki haina petroli ya kutosha, tatu zilizobaki zinazidishiwa. Na kila yule mmoja akimisi, hewa isiyoungua inatoka ekzosi na oksijeni yake, sensa ya oksijeni inadhani injini nzima ina petroli kidogo, inaomba iongezwe tena. Ulaji wako wa mafuta umetoka hapo.

Usinunue kitu chochote. Tafuta fundi mwenye tochi ya taimingi, mwende mkaipashe gari moto mpaka kwikwi ianze, halafu:

Vueni soketi za nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensi. Kila ukivua, RPM lazima ishuke. Andika imeshuka kiasi gani, uirudishe, nenda inayofuata. Silinda namba moja ni ya upande wa mkanda wa taimingi. Kuna mafundi wanavua waya wa plagi badala ya soketi ya nozeli. Usikubali. Utapigwa shoti, na ule umeme usio na pa kwenda unaenda kutafuta njia ndani ya distributa, huku petroli mbichi inatiririka kwenda kwenye masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), kama gari yako bado ina masega.

Kisha tochi ya taimingi. Watu wanadhani kazi yake ni taimingi tu. Ile kalamu yake ukiibana kwenye waya wa plagi, inawaka kila umeme unapopita. Ibane waya wa kwanza, elekeza tochi ukutani, mtu asikilize injini. Kwikwi ikija na tochi ikaruka pigo, ni moto. Kwikwi ikija na tochi ikaendelea kupiga kama hakuna kilichotokea, moto umefika, tafuteni petroli au hewa. Fanyeni hivyo waya zote nne. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka, sijaona kipimo cha bei rahisi kinachokishinda hiki, kwa sababu kinakamata tukio lenyewe. Kina upungufu mmoja: plagi iliyojaa masizi inaweza kupitisha umeme bila kutoa cheche, tochi ikakudanganya. Zako ni mpya, tunaiamini.

Plagi zitoeni muzitazame rangi. Zimeshatembea kiasi, zitasema.

Mwisho, chukua chupa ya kupulizia maji, zile za saluni. Puliza kidogo kuzunguka gasketi ya manifoldi, kisha kwenye shina la kila nozeli pale inapoingia kwenye manifoldi. Distributa iwe imefunikwa na mfuko. Maji yanaziba uwazi kwa sekunde chache, kwikwi inatulia au mlio unabadilika. Wengine wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, ila mimi injini ya moto na kitu kinachowaka kirahisi namna ile sivipendi pamoja.

Na swali langu kwako: walipoosha nozeli, walibadilisha raba zake?

---

Dereva_Noah

Mzee shikamoo, nimesoma mpaka mwisho. Ila umeziruka vali. Hizi injini za zamani za Toyota vali za ekzosi zinajibana zenyewe kwa miaka, ikipata moto vali haifungi sawasawa, inamisi sailensi, ukikanyaga inapotea. Ni dalili zile zile za mwalimu.

---

Mzee_Gerezani

Marahaba. Hoja ni nzima, sijaiziba mlango. Vali iliyobana inafanya hivyo hivyo, na asubuhi ya baridi inakuwa nzima vile vile. Ndiyo maana nikasema rangi ya plagi. Silinda inayovuta hewa ina plagi nyeupe, kavu. Silinda ambayo vali haifungi mara nyingi inaacha plagi chafu au yenye unyevu, maana petroli ilikuwepo na haikuungua.

Mwenye geji ya vakyumu naye anaweza kuzitofautisha. Injini nzima sailensi inakaa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, mshale umetulia. Vali isiyofunga inaudondosha mshale kwa mpigo unaojirudia. Uvujaji wa hewa unauweka mshale chini ya pale unapostahili. Hapa Dar tuko usawa wa bahari, namba za vitabuni tunazitumia zilivyo. Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wapunguze karibu inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, wasije wakafungua injini nzima kwa sababu ya mlima.

Kama vipimo vyangu vya kwanza vitakwama, twende kompresheni. Injini hizi zinataka isishuke chini ya kilo 10 kwa sentimita ya mraba, ambayo kwenye geji nyingi zilizopo mjini ni kama PSI 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo moja. Hapo ndipo nitafungua kifuniko cha vali, na si kabla. Kurekebisha vali za 5A ni kubadilisha sahani moja moja kwa kipimo cha milimita, kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye subira, na wenye subira wamepungua.

---

Mwalimu_Kibada

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa muda wako, na wengine wote.

Nimefanya kama ulivyoagiza, na fundi wangu wa mtaani alikubali tukafanya pamoja. Mwanzoni alinuna, baadaye akawa ndiye anayenihimiza. Tochi ya taimingi tuliazima kwa jirani yake. Naandika kwa mpangilio kwa sababu nilikuwa na daftari.

Kodi: taa inapepesa haraka kwa mwendo mmoja. Hakuna kodi. Asante Chuma_Mabibo. Waya za zamani nimezipima, ndefu kuliko zote ilisoma kiloohm 11. Zilikuwa nzima zote, hela imekwenda.

Soketi za nozeli: namba moja, mbili na tatu kila tukivua, injini inashuka sana na kutetemeka, inakaribia kuzima. Namba nne ndiyo ya ajabu. Wakati gari imetulia, ukivua inashuka kama wenzake. Wakati kwikwi zimeshika kasi, ukivua haishuki karibu chochote. Fundi alitaka tuandike wastani, nikakataa. Vipimo viwili vinavyotofautiana namna hiyo ukivichanganya unapoteza habari yenyewe.

Tochi: waya zote nne zilipiga bila kuruka, na namba nne tuliisimamia zaidi. Bodi linashtuka, tochi inaendelea. Fundi aliangalia ukutani, akaangalia injini, akasema "basi siyo moto." Distributa imenusurika.

Plagi: tatu zina masizi meusi, unazifuta kidole kinakuwa cheusi. Namba nne ni nyeupe kama haijatumika. Visima vya plagi ni vikavu, hakuna oili.

Maji: tulianza na gasketi ya manifoldi yote, hakuna. Shina la nozeli namba moja, hakuna, mbili na tatu hakuna. Namba nne, nilipopuliza tu, nikasikia kama mtu anafyonza meno, kisha injini ikanyooka. Ikakaa imenyooka kidogo, ikarudi kwikwi. Nikapuliza tena, ikanyooka tena. Fundi akaninyang'anya chupa akafanya mwenyewe.

Kuhusu swali lako: nimeitafuta risiti ya ile gereji. Imeandikwa "kuosha nozeli 4". Raba hazimo kwenye orodha.

---

Mzee_Gerezani

Marahaba mwalimu. Ningepata wanafunzi wa gereji wanaoandika hivi ningekuwa nimestaafu zamani.

Jibu unalo. Nozeli ya 5A ina raba juu na chini. Juu, inapoingia kwenye reli ya petroli, kuna oringi nyembamba. Hiyo ikiharibika petroli inavuja, unanusa, unaogopa, unakwenda gereji. Chini, inapokaa kwenye manifoldi, kuna raba nene. Hiyo ikiharibika haivuji kitu cha kuonekana, inavuta hewa tu, na inavutia mlangoni kabisa mwa silinda yake. Miaka thelathini ya joto la injini imeikausha ikawa ngumu. Muda wote ilikuwa imekaa kwenye umbo lake haijaguswa, kwa hiyo iliziba. Siku walipochomoa nozeli kuziosha na kuzirudisha na raba zile zile, umbo likavurugika. Ikiwa ya baridi inaziba, vyuma vikipata joto na mtikisiko inaachia, inashika, inaachia. Ndiyo sababu hukupata mpangilio kwenye kwikwi zako.

Kuosha nozeli na kurudisha raba za zamani ni mtindo umeenea sana mjini, kwa sababu mteja anaona mashine ya kuoshea inavyotoa povu na raba haioni.

Nunua seti nne, si moja. Zilizobaki tatu zina umri ule ule na zilichomolewa siku ile ile. Njoo na sampuli au mtume fundi na sampuli, pale Gerezani wapo wanaouza raba hizi peke yake bila nozeli. Hakikisha ni raba ya petroli. Kuna wajanja wanakata oringi za mabomba ya maji, petroli inazivimbisha na baada ya muda mfupi una moto wa kweli kwenye boneti, na siyo ule wa plagi.

Kazi yenyewe, mwambie fundi: injini iwe imepoa. Achomoe soketi ya pampu ya petroli, awashe gari mpaka izime yenyewe, ili presha ya kwenye reli iishe. Kisha avue waya hasi wa betri. Asivute sigara, na mwenye bodaboda anayesubiri kando naye asivute. Afute mchanga kuzunguka mashina ya nozeli kabla ya kuchomoa, kwa sababu mchanga ukidondoka hapo unakwenda moja kwa moja kwenye vali, na Kibada mchanga mnao. Oringi mpya azipake petroli au oili nyepesi, grisi hapana. Akishazipachika, azungushe kila nozeli kwa vidole, kushoto na kulia. Lazima izunguke laini. Ikigoma, oringi imejikunja, atoe aanze tena. Akimaliza apige stata kidogo ili presha irudi kwenye reli, azime, achungulie na kunusa kila kiungo. Ikiwa kavu, awashe.

Plagi asibadilishe. Hayo masizi ya zile tatu yataungua yenyewe mchanganyiko ukirudi sawa.

---

ToyoTegeta

Mzee nakubali, nimejifunza. Ila distributa za Shaurimoyo bado ni nzuri.

---

Mwalimu_Kibada

Raba zimefungwa jana jioni. Ya namba nne ilivunjika vipande viwili wakati fundi anaitoa, na nyingine mbili zilikuwa na nyufa ukizikunja. Alizungusha nozeli kama ulivyosema. Moja iligoma, akaitoa akairudisha.

Leo nimesimama kwenye foleni ya pantoni muda mrefu kuliko kawaida maana kivuko kimoja kilikuwa hakifanyi kazi. AC nimewasha, nimezima, nimewasha. Haikushtuka hata mara moja.

Limebaki jambo dogo. Sasa inasimama kwenye 1,100 sailensi, ikiwa ya moto kabisa, AC imezimwa. Zamani ilikuwa inacheza chini ya 800. Nimwache au ni tatizo jingine?

---

Mzee_Gerezani

Muulize fundi wako kama aliigusa skrubu ya sailensi kwenye throto bodi siku alipokuwa anahangaika na plagi. Wengi wanaifungua kuficha kutetemeka. Sasa silinda zote nne zinafanya kazi, ule ufunguzi umekuwa mwingi.

Apashe injini moto, azime AC, taa na feni zote, ahakikishe feni ya rejeta haizunguki wakati huo, airudishe taratibu mpaka kati ya 700 na 800. Kama kibandiko cha chini ya boneti bado kinasomeka, afuate namba iliyopo pale. Kwa kuwa distributa nayo imeshikwa-shikwa wakati wa kubadilisha kifuniko, apime na taimingi: aunganishe TE1 na E1, tochi isome digrii 10. Tochi si mnayo bado?

---

Mwalimu_Kibada

Fundi amekubali aliifungua. Tochi ipo, jirani hajaidai. Tunafanya Jumamosi.

---

Dereva_Noah

Mzee, Noah yangu ya 3S-FE ilioshwa nozeli mwaka jana na mimi naona inatetemeka kidogo nikiwa taa nyekundu. Raba ni hizo hizo za 5A? Nipo Ilala hapa, nipitie nichukue.

---

Mzee_Gerezani

Usichukue kwa kukisia, hata zikifanana kwa macho. Chomoa nozeli moja, njoo na raba yake mkononi, tuipime kipenyo na unene. Na kabla hujachomoa chochote, puliza maji kwanza. Ikiwa haibadiliki, tutaonana kwa ajili ya zile vali zako.